Muziki wa Filamu Usisubiri Picha Iishe

Mara nyingi mtunzi wa muziki wa filamu huitwa picha ikiwa imekwisha kuhaririwa, fedha zinaelekea kuisha na tarehe ya onyesho la kwanza imeshatangazwa. Mbunifu wa sauti naye huwa chumba kingine akihangaika na nyayo, milango na mvua. Kazi zao hukutana kwa mara ya kwanza mbele ya fundi wa kuchanganya sauti, na hapo ndipo inapobainika kwamba kila mmoja amejaza nafasi ileile. Kwa maoni yangu, utaratibu huu huharibu filamu nyingi kuliko uhaba wa vipaji.

Chukua tukio la watu wawili wanaonong'onezana ndani ya gari usiku. Injini inanguruma kwenye besi. Mtunzi, akitaka kutia hofu, ameweka sello, ala ya nyuzi yenye sauti nzito, inayovuma kwenye besi hiyohiyo. Na mvua imetanda juu, kwenye masafa yanayobeba konsonanti za maneno. Fundi akipunguza injini, gari linakosa uzito. Akipunguza sello, hofu inayeyuka. Akiviacha vyote, watazamaji wanaanza kuulizana kasema nini. Lau mtunzi na mbunifu wa sauti wangekaa pamoja mapema, injini yenyewe ingepewa kazi ya kutisha, ikapanda taratibu kuelekea noti ya msingi ya muziki, na sello ikangoja hadi gari lizimwe.

Kuna pia muziki wa muda, ule ambao mhariri huuazima kwingine ili apate mwendo wa kukatia picha. Una manufaa yake, sikatai, ila mwongozaji akiusikia kwa miezi kadhaa humkaa masikioni, na mtunzi anapofika huombwa aige bila kuonekana ameiga. Mwongozaji Stanley Kubrick alikwenda mbali zaidi: katika 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968 aliutupa muziki aliotungiwa na Alex North, akabaki na kazi zilizokwishakuwapo, zikiwemo za Richard Strauss na György Ligeti. Filamu ile ilifana, na wengi huitumia kuutetea muziki wa muda. Lakini Kubrick alitumia kazi zenyewe, hakumwagiza mtu amtengenezee nakala zake zilizofifia.

Mfano ninaouthamini zaidi ni The Birds ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1963, isiyo na muziki uliotungwa kusindikiza matukio. Oskar Sala na Remi Gassmann walitengeneza milio ya ndege kwa trautonium, ala ya kielektroniki, huku Bernard Herrmann, aliyetunga muziki wa ala za nyuzi pekee wa Psycho, filamu nyingine ya Hitchcock, miaka mitatu kabla, akiwa mshauri wa sauti. Mtunzi mkubwa aliajiriwa, na hakuandika wimbo.

Hilo lawezekana tu pale mtunzi na mbunifu wa sauti wanapopewa hati ya filamu mapema, wakatazama pamoja mkato wa kwanza, yaani picha zilipounganishwa kwa mara ya kwanza, na kukubaliana, tukio kwa tukio, nani ataongoza na wapi wote watanyamaza. Mkataba nao ubadilike: anayelipwa kwa kila dakika ya muziki hana sababu ya kupendekeza ukimya, kwa hiyo mtunzi alipwe kwa filamu nzima, pamoja na matukio aliyoshauri yaachwe bila noti hata moja.