Nyoka wa tajiri: aliyelinda watoto na anayedaiwa kuwala

Arusha mtu akipandisha ghorofa upesi, vijiweni hakosekani wa kusema ni ndagu: kuna joka chumbani, usiku linatapika noti, na siku yake ikifika linadai kafara, tena mtoto. Simulizi hiyo sasa imepata ndugu kutoka ng'ambo, mijusi iliyovaa sura za watu na kukalia ikulu na mabenki. Wapo wahubiri na walimu wanaotaka zote zikomeshwe, pamoja na ngano za bibi zenye nyoka wanaosema, kwa kuwa eti shina ni moja.

Hofu yao ina msingi. Krismasi ya 2020, mtu aliyejilipua na gari lake mjini Nashville, Marekani, alikuwa akiamini mijusi hiyo ipo. Hapa kwetu, anayevumishiwa joka anaweza kususiwa duka na wanawe wakaogopwa.

Ila shina si moja. Mwaka 1905 Mwingereza A. C. Hollis aliandika kuwa kwa Wamaasai, laiboni, yaani mganga wa kabila, au tajiri akizikwa, roho yake hugeuka nyoka mara mwili ukioza, kisha nyoka huyo huenda kwenye boma la wanawe kuwaangalia. Mwanamke akimkuta ndani hamuui. Anamwaga maziwa chini, nyoka analamba, anaondoka zake. Tajiri yupo, nyoka yupo, watoto wapo, wale wale wa ndagu, lakini hapa nyoka ni baba anayelinda. Pwani nako, katika ngano, kijana Hasibu Karimu Dini alipokelewa vizuri na Sultani wa Nyoka, akaombwa jambo moja tu, asioge hamamuni mbele za watu. Aliyevunja ahadi ni binadamu. Ngano hizi zinamhukumu kila mmoja kwa alichotenda, awe na magamba au asiwe nayo.

Mjusi-mtu wa ng'ambo ana ukoo mwingine kabisa. Mwaka 1929 Robert E. Howard alichapisha hadithi ya watu-nyoka wanaojigeuza watumishi wa mfalme, na ilikuwa burudani. Miaka 70 baadaye, Mwingereza David Icke akamtangaza kiumbe wa namna hiyo kama habari ya kweli. Humo hakuna tendo la kupima, kuna damu tu: mtu anashukiwa kwa alivyozaliwa.

Wanaotaka ngano zizimwe hupenda kutaja asilimia 4 ya Wamarekani wanaoamini mijusi inatawala. Kura hiyo ya maoni ya 2013 iliwahusu wapiga kura 1,247, kwa simu za kubonyeza vitufe. Asilimia 4 yao ni watu kama 50. Vyombo vya habari vikazidisha mpaka milioni 12! Kosa la makadirio lenyewe lilikaribia asilimia 3, na kati ya hao 50 hatujui wangapi walibonyeza kwa mzaha. Mimi naziangalia zaidi asilimia 7 waliojibu kwamba hawana uhakika. Hao hawajaamini, wamekosa tu cha kulinganisha na walichosikia.

Na cha kulinganisha ndicho kinachotakiwa kuzimwa. Mtoto wa Ngaramtoni akinyimwa nyoka wa maziwa hatakaa bila nyoka. Kwenye simu yupo wa noti, naye hana bibi wa kumbishia.