Faida ya kampuni si pato la taifa

Jamani, hivi wachambuzi wa uchumi tunawaokota wapi? Wiki hii nimemsikia mmoja akijumlisha faida za makampuni makubwa, kisha akatamka bila kupepesa macho: uchumi umekua. Mtangazaji akamshukuru kwa uchambuzi wa kina. Kina kipi?

Chukua mfanyabiashara aliyenunua mzigo kwa 100 akauweka ghalani. Bei zikapanda, akauuza kwa 150, na siku hiyo mzigo wa aina ileile sokoni umeshafika 140. Mhasibu ataandika faida ya 50, na hajakosea. Risiti ya kununulia inasema 100. Wanaotengeneza hesabu za taifa, zile zinazopima pato la taifa, wanauliza jambo jingine: hapa kimezalishwa nini? Wao wanautoa mzigo ghalani kwa bei ya siku unayotoka, yaani 140. Inabaki 10, ndiyo kazi yake ya uchuuzi. Zile 40 zimeletwa na bei tu, hata angelala mwaka mzima zingemfuata kitandani. Sasa mtoze kodi ya asilimia 30 ya hiyo faida ya 50: anabaki na 135, na mzigo mpya ni 140. Faida gani hiyo inayomshinda mtu kurudishia mzigo alioutoa? Kusanya faida za namna hiyo nchi nzima, mwaka wa mfumuko wa bei, utaona "ukuaji" wa kupigiwa vigelegele na hakuna hata gunia moja lililoongezeka.

Uchakavu wa mashine, unaokatwa kila mwaka, nao ni hivyohivyo: kampuni kwa kawaida hukata kwa bei iliyonunulia mashine, hesabu za taifa hukata kwa bei ya leo. Deni lililofutwa ni hasara kwa mkopeshaji. Pato la taifa halitikisiki.

Na mishahara! Kwenye vitabu vya kampuni ni gharama, kwenye pato la taifa ni sehemu ya thamani iliyoongezwa, yaani kilichozalishwa ukitoa malighafi na huduma zilizonunuliwa. Kampuni ikikata mishahara, faida ikapanda kwa kiasi kilekile, nchi haijaongeza hata senti. Pesa imehama mfuko. Halafu tunaambiwa tupige makofi.

Haya, nikubali: bila vitabu vya makampuni, watakwimu wangekuwa wanapiga ramli. Hata uandishi wao wameukopa kwa wahasibu, ambao huandika kila muamala mara mbili, wakazidisha: muamala mmoja unaingia mara nne, kwa sababu muuzaji na mnunuzi wote wamo kwenye hesabu moja. Na kuna siku vitabu hivyo huwaponza. Julai 2016 Ireland ilitangaza kuwa pato lake la 2015 lilikua kwa asilimia 26, sababu kubwa ikiwa makampuni ya kimataifa kuhamishia huko hakimiliki na mali nyingine zisizoshikika. Karatasi zimehama, uchumi umeruka! Ikabidi ofisi ya takwimu ya nchi hiyo itunge kipimo kingine cha kupunguza athari hizo, na siku hizi hata uzito wa deni la serikali hupimwa nacho.