Jumla Iwe Mia

Kishikwambi cha utafiti wa biashara kimegoma tena. Maandishi mekundu: jumla lazima iwe 100. Iliyopo ni 95, adhana ya adhuhuri imeshalia hapa Ngamiani, Tanga, na fundi baiskeli anajifuta grisi akaswali.

Na mambo yalivyoanza kwa heshima! Shikamoo imeitikiwa, kigoda kimesogezwa. Orodha inamtaja kama kampuni yenye wafanyakazi 7. Waliopo: yeye, wanagenzi wawili wanaolipwa chai, na paka. Sera ya biashara ndogo ya 2003 inasema mtu 1 hadi 4 ni biashara ndogo sana, ila dodoso lilitungiwa wenye watu 5 kwenda juu, basi mzee wa watu anaulizwa habari za bodi ya wakurugenzi.

"Katika miaka 3 iliyopita, kampuni imefanya ubunifu?"

"Ubunifu? Mie? La, mwanangu. Waulize wa vyuoni."

Ukibonyeza "hapana", maswali yote ya ubunifu yanarukwa. Na nyuma yake imeegeshwa baiskeli yenye keria ya nondo aliyoibuni mwaka jana, yabeba gunia la machungwa bila kulalia upande. Mwongozo wa Oslo wa 2018, ule wa kimataifa wa kupima ubunifu, hautaki kitu kigeni duniani. Kikiwa kipya kwa biashara yenyewe na kimeanza kutumika, chatosha. Neno "ubunifu" ndilo linalowatisha. Uliza: "Kazi gani wafanya sasa ambayo mwaka juzi hukuifanya?" Utatoka hapo jioni.

Sasa fedha: za kuendeshea kazi zatoka wapi, kwa asilimia? Benki? Sifuri. Mfukoni mwake? Arobaini. Mali kauli? Anacheka: tairi, minyororo, vyote mali kauli, hulipa Ijumaa. "Tia hamsini na tano." Zimebaki tano.

"Labda upatu, mzee?"

"Upatu wa mama watoto."

"Lakini ndio ulionunua ile pampu..."

"Kijana, umetumwa kuhesabu au kuniachanisha?"

Kosa si lake. Nani anakula kwa asilimia? Uliza kwa shilingi: katika elfu 10 ya spea, elfu ngapi ni za deni? Asilimia utazipiga mwenyewe.

Mkopo wa halmashauri, kutoka mapato yake ya ndani: 4 kwa 100 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Mzee mwenye miguu yote miwili, pita.

Kikwazo kikubwa, achague kimoja tu: umeme, kodi, rushwa, usafiri...

"Lami."

"Lami imeharibika?"

"Imekuwa nzuri! Zamani mawe, pancha kutwa. Sasa wateja wateleza tu mpaka Chumbageni."

Lami haimo. Msimbo wa karibu ni "usafiri". Ripoti itasema mafundi baiskeli wa Tanga wanalia na barabara, na serikali sikivu itawaongezea lami! Heri kuandika "mengineyo, taja" na kuyachapa maneno yake yalivyo, ila kisanduku kinakubali herufi 20, na betri iko asilimia 6.

Anarudi kutoka msikitini. Tano bado hazina pa kukaa. Na ile keria, hivi, akiuza, anauza bei gani?