Nani atapanda darini baada ya sherehe?

Mwanza tunajua kuzindua. Turubai linafungwa alfajiri, viti vya plastiki vinapangwa, wacheza bugobogobo wanarusha majembe juu na kuyadaka, utepe unakatwa, halafu mgeni rasmi anatuomba tuitunze miundombinu hii iliyotumia fedha nyingi za serikali. Tunapiga makofi, tunakula pilau, tunaondoka. Katika risala yote hapatajwi mtu wa kuitunza, wala kifungu cha fedha, wala siku ya kwanza ya kwenda kutazama bati limekaaje.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Majengo yetu ya umma hayachakai mapema kwa kukosa wahandisi, na si kila mara kwamba pesa imeliwa. Mradi una wenyewe wengi hadi siku ya makabidhiano, na kuanzia kesho yake hauna hata mmoja.

Nimo kwenye kamati ya mapokezi ya shule moja ya sekondari hapa Ilemela. Kwa asiyeujua utaratibu wa fosi akaunti: fedha zinaingia kwenye akaunti ya shule, walimu na wananchi wanaunda kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, fundi anapatana ufundi tu, vifaa tunanunua wenyewe. Kazi ya sisi wa mapokezi ni kuhesabu. Saruji ikifika tunahesabu mifuko, na tunaibonyezabonyeza ile ya chini tuone kama imeshaganda. Nondo tunapima unene, maana ya milimita 10 ukiitazama kwa mbali utaapa ni ya 12. Mchanga unakuja kwa tripu, na hapo ugomvi hauishi: dereva anasema fuso limejaa, wewe unaona katikati pana bonde. Tunasaini, risiti inaingia kwenye faili, mkaguzi akija anakuta kila kitu kimenyooka.

Sasa lifungue faili hilo utafute kitu kingine. Bomba la choo linapita wapi kwenda shimoni? Nyaya za umeme ziko ukuta upi? Nguzo ipi imekalia jiwe na ipi imekalia kifusi? Hakuna. Bei ya kila msumari imo, jengo lenyewe halimo. Anayelijua ni fundi, na fundi keshahamia Geita kwenye kazi nyingine, simu yake haipatikani.

Hilo la jiwe na kifusi si dogo kwa mji huu. Mabatini, Igogo, Isamilo, popote penye mteremko, kiwanja kimoja kinaweza kuwa na mwamba upande wa juu na udongo wa kujazia upande wa chini. Upande wa mwamba hauendi popote. Upande wa kifusi unashuka kidogokidogo kila msimu wa mvua, na ukuta ulioshikwa na pande zote mbili unapasuka. Mafundi wetu wengi wanalijua hili kuliko wanavyopewa sifa. Ila ramani iliyochorwa kwa ajili ya nchi nzima haijui kwamba huku tunajenga juu ya mawe, na muda wa kumuuliza fundi haumo kwenye ratiba.

Darasa moja pale shuleni lilipata ufa uliopanda mshazari kutoka kona ya dirisha hadi kwenye lenta, ile boriti ya zege juu ya dirisha. Tulimwita mzee mmoja, fundi mwashi wa Nyakato, mtu wa maneno machache. Hakuuangalia ufa kwanza. Alizunguka nyuma ya jengo, akachuchumaa, akachokoa kwa kisigino pale maji ya bati yanapoangukia. Maji yalikuwa yamejichimbia njia, imeingia moja kwa moja chini ya msingi. Gata, mifereji ya kukinga maji ya bati, hazikufungwa. Zilikuwamo kwenye mchanganuo wa gharama, lakini fedha iliisha kabla ya kuzifikia.

Aliporudi ndani alitoa penseli sikioni, akachora kistari pale ufa unapoishia, akaandika tarehe pembeni yake.

“Tuuzibe, mzee?”

“Ukiuziba leo utakuwa umeuficha tu, mwanangu. Kwanza tujue kama bado unatembea. Masika ikipita niiteni.”

Lakini wageni walikuwa wanakuja wiki iliyofuata. Ufa ukazibwa, rangi ikapakwa, penseli na tarehe yake vikapotelea humo. Masika ilipokwisha ufa ulikuwa umerudi palepale, umezidi upana, na rangi mpya inabanduka kandokando yake. Gata za upande ule mmoja zingegharimu pungufu ya ile rangi.

Simlaumu sana mwalimu. Mkuu wa shule anapimwa kwa kukamilisha, na fedha anazopewa zimekatwa kwa kipimo kimoja. Mwaka 2021, kwa mkopo wa IMF wa kukabiliana na UVIKO-19, serikali ilipanga kujenga madarasa 15,000 nchini, kila moja kwa shilingi milioni 20. Ilikuwa kazi kubwa na sina ubishi nayo, watoto waliokuwa wakibanana walipata pa kukaa. Lakini milioni 20 ilikuwa ileile kwenye kiwanja tambarare kando ya lami, na ileile kisiwani Ukara, ambako saruji inapanda meli Mwanza hadi Nansio, inapanda gari hadi Bugolora, inapanda kivuko, ndipo ibebwe tena hadi shuleni. Fedha ikiwa moja na ardhi ni mbalimbali, lazima kitu kipunguzwe, na hakipunguzwi kile kinachoonekana kwenye picha. Unapungua msingi. Zinaondoka gata. Mtaro wa nyuma unaahirishwa, na ukuta wa kuzuia udongo unajengwa bila matundu ya kutolea maji, au haujengwi kabisa.

Halafu tarehe. Madarasa yale yalitakiwa yawe tayari Januari shule zinapofunguliwa, na huku kwetu Oktoba hadi Desemba ni vuli. Unachimba msingi asubuhi, jioni umekuwa bwawa. Mtu anayesimamia ujenzi kwa kuhesabu siku zilizobaki hawezi kukubali siku tatu za kusubiri udongo ukauke, hata kama ni siku tatu zitakazoliongezea jengo miaka.

Mafundi husema zege halilali, na kweli siku ya kumwaga jamvi, yaani bamba la zege, mnaweza kumaliza kwa taa za pikipiki. Lakini zege linamhitaji mtu zaidi kuanzia kesho yake. Linatakiwa libaki na unyevu walau siku saba za mwanzo, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Haya ndiyo matengenezo ya kwanza kabisa ya jengo, na hayahitaji mhandisi, yanahitaji mtu mwenye ndoo na magunia ya kufunikia. Jumamosi fundi ana harusi, Jumapili ana kanisa, Jumatatu unalikuta jamvi jeupe pe, limeshaota vinyufa vyembamba. Tunaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika na zege letu linakufa kwa kiu.

Barabara zina bahati. Kila lita ya petroli au dizeli unayoweka ina tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara, na sehemu kubwa ya fedha hiyo kisheria ni ya matengenezo, si ya kujenga mpya. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025 baada ya kutumia zaidi ya shilingi bilioni 700. Kiungio kikilegea pale kuna TANROADS, wakala wa barabara, wa kuulizwa, na kuna mfuko wa kuulizia. Zahanati ya mtaa wenu ina mfuko gani? Bati likivuja juu ya chumba cha kujifungulia, mganga mfawidhi anaanza kutafuta wadau.

Hata meli zina utaratibu. Mji huu haujasahau machungu ya kuzama kwa MV Bukoba Mei 1996, na labda ndiyo maana hakuna anayeona ajabu meli kupandishwa chelezoni, kukaguliwa, na kupewa cheti au kunyimwa. MV Victoria ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilisimama kwa miaka kadhaa, ikakarabatiwa, ikarudi safari za Bukoba mwaka 2020. Na si kwamba majengo hayawezi kudumu hivyo. Waliosoma shule za misheni wanamkumbuka bruda mwenye bunda la funguo kiunoni na kisanduku cha vifaa, ambaye akisikia tone dogo linadondoka darini alikuwa juu kabla ya jioni. Alikuwa mtu mmoja, anajulikana kwa jina, na kazi yake ilikuwa hiyo.

Sisi tuna methali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, inasemwa kwenye kila kikao cha kamati, na kikao kinafungwa bila kuandika nani aende dukani kununua saruji ya kuzibia.

Kwa hiyo ninachodai si kikubwa. Utepe usikatwe hadi jengo liwe na daftari lake na mtu wake. Daftari la kawaida tu, la kaunta, lenye picha za nondo na msingi kabla havijafukiwa (kila mtu pale ana simu), mchoro wa mabomba hata wa mkono, majina ya waliofanya kazi, na kurasa tupu za kuandika kila kinachotokea baadaye: lini gata zilisafishwa, lini bati lilibadilishwa, ufa wa kona ile umetembea kiasi gani. Na kwenye bajeti ya kujenga iwekwe mapema fedha ndogo ya miaka michache ya mwanzo, isiyoguswa kwa ajili ya vigae.

Mwalimu mmoja aliponisikia nikisema hivi alicheka. Ana rejista za kujaza kabati, anasema, sasa nimletee na ya jengo? Ana haki. Ndiyo maana nadhani kazi hii isiwe ya mwalimu. Chuo cha VETA kiko hapahapa Nyakato, kila mwaka kinatoa vijana wa uashi, useremala, bomba na umeme, na wengi wanaishia kwenye bodaboda. Kila kata ikimchukua mmoja, alipwe na halmashauri kutoka mapato ya ndani, azunguke shule na zahanati za kata hiyo akiwa na madaftari na kisanduku chake, tutakuwa tumepata yule bruda wetu. Apewe na ngazi. Shule yetu ina madarasa na maabara, na haina ngazi. Gata za jengo la utawala tukitaka kuzisafisha tunaazima ngazi baa ya jirani, na baa inataka irudi kabla ya saa kumi.

Kuna watakaosema majengo ya watu binafsi ndiyo hatari zaidi. Huenda. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu, na serikali ikaagiza majengo ya eneo lile yakaguliwe. Sawa. Agizo kama hilo likija kesho kwa maghorofa ya katikati ya mji wetu, mkaguzi ataanzia karatasi gani? Mwenye jengo ameliuza, aliyenunua ameongeza ghorofa, mpangaji wa chini amebomoa ukuta apanue duka, na ramani iliyopitishwa na halmashauri inaonyesha jengo jingine kabisa. Tumeona pia ziwa lilivyopanda mwaka 2020 na tena 2024, likawafuata watu waliojenga ndani ya zile mita 60 ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza. Maji yalifika wapi kwenye ukuta wa kila nyumba? Wanaokumbuka wanaonyesha kwa mkono.

Jambo moja linaweza kuanza hata mwaka huu. Miradi ya makandarasi huwa na kipindi cha uangalizi, mara nyingi mwaka mmoja, ambapo sehemu ya malipo inazuiwa hadi kasoro zirekebishwe. Ni kifungu kizuri sana. Lakini mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni, kwa hiyo kila mtu anakimbizana kukabidhi Juni, na ukaguzi wa mwisho unaangukia Juni au Julai ya mwaka unaofuata. Kiangazi. Julai hakuna bati linalovuja Mwanza nzima. Mhandisi anapita, anaona dari kavu, anasaini, mkandarasi analipwa salio lake, na mvua ya kwanza inakuja Oktoba wakati mkataba umeshafungwa. Ukaguzi huo ufanywe mara mbili, Desemba na Aprili, mvua ikiwa inanyesha, mkandarasi akiwapo mwenyewe, na mwalimu wa kila darasa aulizwe huwa anaiweka wapi ndoo.