Hasara ya haidrojeni, kwa hesabu ya Karuma

Kila jenereta ya haidrojeni inapotajwa Kampala, wapinzani huanza na hoja moja: unachukua umeme mzima, unaufanya gesi, kisha gesi hiyo unaifanya umeme tena, na njiani theluthi mbili zimekwenda na maji. Hesabu yao ni sahihi. Kuyatenganisha maji kwa umeme hadi upate kilo moja ya haidrojeni hula uniti (kilowati-saa) 50 hadi 55. Kilo hiyo ikipita kwenye seli ya haidrojeni, ambamo inakutana na oksijeni ya hewani bila kuwashwa moto, hurudisha uniti 16 hivi pamoja na mvuke. Katika nchi ambayo kila uniti ina mteja anayeingoja, hapo mjadala umekwisha. Uganda si nchi hiyo.

Tangu Karuma, kituo cha umeme wa maji kwenye Mto Nile chenye megawati 600, izinduliwe Septemba 2024, uwezo wa mitambo yetu yote umepita megawati 2,000, na hata saa za jioni matumizi huzunguka karibu nusu ya hapo. Usiku wa manane hushuka zaidi. Vituo vya Nile vya Bujagali, Isimba na Karuma havina bwawa kubwa la kuwekea akiba, kwa hiyo maji yasiyozungusha mitambo yanapita tu kuelekea Ziwa Albert. Juu ya hayo, mikataba mingine inatulazimu kuulipia umeme ambao hatukuutumia. Anayelia kwamba haidrojeni inapoteza uniti 34 kati ya 50 aseme kwanza uniti hizo 50 zingekuwa wapi saa tisa za usiku.

Tuifuate hesabu hiyo hadi kwenye shilingi, maana ndiko inakokwepwa. Jenereta ndogo ya dizeli hutoa uniti 3 hivi kwa lita. Ili kupata zile uniti 16 za kilo moja ya haidrojeni, unahitaji lita 5 na ushee, na lita ikiwa karibu shilingi 5,000 umetumia zaidi ya 25,000, yaani kama dola 7. Upande wa pili, Rais Museveni amekuwa akidai kwa miaka mingi kwamba viwanda viuziwe umeme kwa senti 5 za dola kwa uniti. Uniti 55 kwa bei hiyo ni dola 2 na senti 75. Pamoja na hasara yote ya theluthi mbili, umeme ulioingia kwenye gesi bado haufiki nusu ya bei ya dizeli. Ila jaribu hesabu hiyohiyo kwa bei ya nyumbani, ile ya kwenye Yaka, mita ya kulipia kabla, inayopita shilingi 700: uniti 55 zinakuwa zaidi ya 38,000, na dizeli inashinda bila kutoa jasho. Kwa maneno mengine, hasara ile ya mtambo inavumilika au haivumiliki kutegemea bei ya uniti, na bei hiyo hupangwa ofisini.

Kuna jibu zito kwa hoja yangu, nalo nalitaja kwa heshima. Umeme upo Karuma lakini duka la Kibuye, Kampala, liko gizani, kwa sababu nguzo zimeoza, transfoma zimezidiwa na laini zinaibwa. Kama pesa ipo, si bora iende kwenye laini kuliko kwenye mitungi ya gesi? Ndiyo, ni bora. Kwa duka, saluni na nyumba sina ubishi pia na betri: ukikatikiwa saa tatu au nne, betri inarudisha zaidi ya asilimia 80 ya ulichoweka, haina mtungi, na bei yake inashuka mwaka hadi mwaka. Tunazungumzia sehemu ambazo hata laini ikiwa mpya haziruhusiwi kuzimika: chumba cha upasuaji, friji ya damu na chanjo, mnara wa simu juu ya kilima. Huko nyuma ya ukuta utakuta dizeli.

Na dizeli ina sababu ya kupendwa. Pita Kikuubo, mtaa wa maduka wa Kampala, umeme ukikatika: kabla hujavuka maduka matatu, kijana keshaburuta mashine hadi kizingitini, keshavuta kamba mara mbili, na anamimina mafuta kwa kichwa cha chupa ya maji alichokikata kuwa faneli. Hizo ndogo nyingi ni za petroli, lakini urahisi ni uleule. Kituo cha mafuta kipo kila kona, na ikiharibika, fundi wa Katwe anaifungua hapohapo. Seli ya haidrojeni fundi huyo haijui bado. Ndani yake mna utando mwembamba na madini ya platinamu, na havipendi vumbi la murramu wala gesi chafu.

Urahisi wa jerikani, hata hivyo, huanzia bandari ya Mombasa, na mafuta hutufikia kwa malori. Januari 2022 madereva wa malori waligoma mpakani kwa sababu ya vipimo vya Korona walivyotakiwa kulipia. Foleni ikajaa Malaba na Busia, kwenye mpaka wa Kenya, na bei ya petroli ikaruka nchi nzima. Moshi nao una bei, ingawa haumo kwenye risiti: mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Jenereta ya hospitali, kwa kawaida, iko hatua chache tu kutoka madirisha ya wodi.

Kinachoweza kuiua haidrojeni Uganda ni mtungi. Mtungi wa chuma wa lita 50, uliojazwa kwa mgandamizo wa baa 200, hubeba chini ya kilo moja ya gesi huku wenyewe ukiwa na kilo 60 hivi. Chukua hospitali inayohitaji kilowati 10 kwa saa 24: ni uniti 240, kilo 15 za haidrojeni, mitungi 20 hivi. Kwa dizeli, kazi hiyo ni jerikani nne za lita 20. Ukiipakia mitungi hiyo Karuma na kuipeleka Arua, zaidi ya kilomita 200, lori litakunywa dizeli kusafirisha chuma.

Tena, gesi ikitoka kwenye kiwanda kinachotumia gesi asilia, kama ilivyo sehemu kubwa ya haidrojeni ya dunia, kila kilo huacha nyuma kilo 9 au 10 za kaboni dioksidi. Lita 5 za dizeli huacha kama kilo 13 na nusu. Tofauti hiyo italiwa na barabara. Anayeuza jenereta safi bila kusema gesi yake imezaliwa wapi bado hajasema lolote. Ile hofu ya mlipuko ni ya haki, kwani gesi hii huwaka kwa urahisi na mwali wake hauonekani vizuri mchana, lakini ni nyepesi na hupaa haraka. Iwekwe uwanjani kwenye hewa, isiingizwe chumbani.

Kwa hiyo gesi izaliwe pale itakapotumika. Watu wa West Nile, eneo la Arua, walikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa wakitegemea mitambo ya mafuta na kituo kidogo cha umeme wa maji cha Nyagak. Wanajua siku mbili bila umeme maana yake nini. Hospitali ya huko ikiwa na mtambo wa kutenganisha maji unaofanya kazi usiku na tangi uwanjani, haihitaji lori. Na kuna faida ambayo wauzaji karibu hawaitaji: kila kilo ya haidrojeni huzaliwa pamoja na kilo 8 za oksijeni, ambazo si mbali na mtungi mmoja mkubwa wa wodini. Italazimu kukaushwa, kupimwa na kugandamizwa kwa viwango vya tiba. Lakini nchi iliyohangaika kutafuta oksijeni wakati wa Korona, Juni 2021, haiwezi kuiachia hewani halafu ikahesabu uniti zilizopotea peke yake. Jenereta ya kubebeka, ile ya kambi ya chanjo au ya eneo la ujenzi, ije baadaye na ijazwe kwenye tangi hilohilo la hospitali.

Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme tayari ina bei ya usiku kwa viwanda. Hospitali moja ya rufaa ipewe bei hiyo kwa mtambo huu, kwa mkataba wa miaka michache, na mita yake iwekwe wazi ili kila mtu aone. Bila hivyo, anayetaka kuninunulia jenereta ya haidrojeni leo aninunulie betri.