Kuitwa tena kazini: rubani arudi au abaki alipo?

Barua ya kuitwa tena kazini ikimfikia rubani aliyesimamishwa kwa muda na shirika la ndege la Marekani kwa sababu ya upungufu wa kazi, macho hukimbilia mshahara. Haishangazi. Tangu asimamishwe, huenda amekuwa akirusha ndege za mizigo usiku wa manane, au za kukodi, au amejiunga na shirika jingine na kuanza upya mkiani. Lakini mshahara wa mwezi wa kwanza ndio kipimo kibovu kuliko vyote. Cha kupimwa ni namba.

Katika mashirika makubwa ya huko, karibu kila kitu cha rubani hupangwa kwa orodha ya ukongwe: ndege atakayorusha, kiti atakachokalia, kituo chake, ratiba ya mwezi, hata wiki ya likizo. Kinachoamua ni tarehe ya kuajiriwa, si saa za angani wala umahiri. Nafasi yake katika orodha hiyo ndiyo namba, nayo haihamishiki. Kapteni wa miaka ishirini akihamia kwa mshindani, ataingia nyuma ya kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita, tena kwa mshahara wa mwaka wa kwanza. Kazi zikipungua, shirika hukata kutoka chini kwenda juu. Zikirudi, huita kuanzia wa juu miongoni mwa waliosimamishwa.

Kati ya kurudi na kukataa kabisa kuna njia ya tatu. Mikataba mingi kati ya mashirika na vyama vya marubani humruhusu aliyeitwa kuupisha mwito: anakataa kwa sasa, anabaki na namba yake, na shirika linamwita anayemfuata. Anaweza kuendelea hivyo maadamu chini yake wapo wengine wa kujaza nafasi. Wakiisha, mwito unakuwa wa lazima, na asiporipoti anafutwa. Kwa hiyo mwenye namba ya juu kati ya waliosimamishwa ana muda wa kusubiri. Wa mwisho kabisa hana. Katika baadhi ya mikataba haki hii ina ukomo wa miaka, hivyo kifungu kisomwe chenyewe, si kwa masimulizi ya wenzako. Na anwani! Mwito hutumwa kwenye anwani iliyomo katika kumbukumbu za shirika, na muda wa kujibu huhesabiwa kwa siku. Aliyehama nyumba bila kutoa taarifa anaweza kuipoteza namba ya miaka mingi kwa sababu ya barua isiyofunguliwa.

Upande wa kurudi una hesabu yenye nguvu. Sheria inamwondoa rubani wa mashirika ya ndege kwenye kiti akifikisha miaka 65, kwa hiyo kuondoka kwa walio juu yako kunaweza kuhesabiwa kwa kalamu. Tuseme orodha ina marubani 9,000 na wewe ni wa 8,400. Ukipitia umri wa walio juu ukakuta wastani wa 300 wanafikisha 65 kila mwaka, baada ya miaka kumi utakuwa karibu na 5,400, hata kabla ya kuhesabu wanaojiuzulu au kuugua. Kisha tafuta, katika matokeo ya mgawo wa viti wa karibuni, namba ya kapteni aliye chini kuliko wote. Ikiwa ni 6,500, na idadi ya ndege haipungui, kiti cha kushoto, yaani cha kapteni, kiko mwaka wa saba hivi. Fanya hesabu hiyohiyo kwa shirika uliko sasa. Mwenye miaka 35 mara nyingi ataona namba ya zamani inashinda, hata kama mwaka wa kwanza atalipwa pungufu. Mwenye 58 amebakiza saba. Akiwa tayari kapteni katika shirika dogo, kupanda kwingine hakutamfikisha mbali.

Ila usichanganye namba na ngazi ya mshahara. Muda wa kusimamishwa kwa kawaida huilinda namba, lakini miaka ya malipo yaweza kuganda. Aliyetolewa akiwa mwaka wa pili anaweza kukaa nje miaka sita na kurudi palepale kwenye malipo ya mwaka wa pili, na siku zake za likizo vivyo hivyo. Mkataba ukimhesabia muda ule, tofauti ni maelfu ya dola kila mwaka. Swali hili liulizwe kwa chama, na jibu lipatikane kwa maandishi.

Tatizo ni kwamba namba ina thamani kadiri shirika lenyewe lilivyo hai. Shirika la Pan Am lilipofunga Desemba 1991, orodha nzima iligeuka karatasi tupu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 shirika la United lilisimamisha marubani zaidi ya 2,000. Mwaka 2005 pensheni za shirika hilo zikaachiwa taasisi ya serikali inayodhamini pensheni, kwa hiyo aliyerudi baada ya hapo hakurudi kwenye kazi ileile aliyoiacha. Desemba 2007 umri wa kustaafu ukapandishwa kutoka 60 hadi 65, na orodha zilizokuwa zikisogea kila mwezi zikakwama kwa miaka kama mitano. Mwaka uliofuata mafuta yakapanda bei, uchumi ukaanguka, na United ikasimamisha tena zaidi ya 1,400, wakiwemo waliokwisha kuonja adha hiyo mara ya kwanza. Hesabu ya kalamu ya wastaafu haikuwa na kosa lolote. Kilichobadilika ni sheria. Lakini si kila usimamishaji huwa mrefu. Shirika la American lilisimamisha marubani wapatao 1,600 Oktoba 2020, na fedha za serikali zilizoidhinishwa Desemba zikawarudisha kwenye malipo.

Kuungana kwa mashirika ni jambo la kuogopwa zaidi, na hapa ndipo kupisha mwito kunapoonyesha gharama yake. Mashirika ya US Airways na America West yaliungana 2005. Mwaka 2007 msuluhishi George Nicolau aliwaweka marubani wa US Airways waliokuwa wamesimamishwa chini ya wale wa America West waliokuwa kazini. Wapo walioajiriwa zaidi ya miaka kumi kabla waliojikuta chini ya mtu aliyeingia juzi. Hasira zilikuwa kali kiasi kwamba 2008 marubani walipiga kura na kubadilisha chama. Kwa hiyo mezani kwa msuluhishi, namba ya aliye kazini na ya aliye nje hazina uzito sawa. Fununu za kuungana zikiwa nzito, afadhali uwe ndani ukirusha, hata katika kituo usichokipenda.

Kurudi kwenyewe nako kuna jasho lake. Cheti cha afya cha daraja la kwanza hudumu miezi 12 kwa aliye chini ya 40, na miezi 6 kuanzia 40. Kuna darasa, simuleta (mashine ya kuigiza urushaji wa ndege), mtihani, kisha safari chini ya rubani mkaguzi. Akipata kibali cha ndege mpya, anatakiwa kukamilisha saa 100 za safari halisi ndani ya siku 120. Hapo ndipo mambo huharibika, maana aliyerudi huwa mdogo kwa ukongwe na huangukia zamu ya kusubiri kuitwa, mara nyingi New York, ambako amekodi kitanda karibu na uwanja na simu haiiti. Saa zisipotimia, ni kuomba nyongeza ya muda au kurudi simuleta. Tena, kabla ya saa 100 hizo, sheria humtaka kapteni anayeruka naye apae na kutua mwenyewe hali ikiwa mbaya, kwa mfano upepo wa ubavuni ukizidi noti 15 (kama kilomita 28 kwa saa). Aliyekaa miaka bila kugusa ndege kubwa, akianza wakati wa baridi, hutua mara chache mno wakati anapohitaji mazoezi zaidi.

Mwajiri wa sasa naye ana masharti yake. Mashirika madogo na ya ndege za kukodi hupenda mikataba ya kurudisha gharama za mafunzo ukiondoka mapema. Angalia kama deni hupungua kila mwezi au hudaiwa lote. Wengine hukataa kumwajiri aliyesimamishwa mpaka asaini kuiacha namba yake ya zamani. Kutupa mbachao kwa msala upitao ni kosa, na hapa msala wenyewe ni mwaka wa majaribio ambamo unaweza kuachishwa kazi bila kinga kubwa ya chama. Asaini tu ikiwa shirika jipya linashinda kwa hesabu ya namba, si kwa sababu mwito umechelewa.

Kwa maoni yetu, aliye chini ya miaka 45 arudi, isipokuwa shirika lina dalili za kufilisika. Wa kati apishe mwito kadiri mkataba unavyoruhusu, akifuatilia kila mwezi wangapi wamebaki chini yake. Aliyevuka 55 akiwa na kiti cha kapteni na usingizi wa nyumbani, abaki.

Yeyote anayerudi asijiuzulu kabla ya kuwa na tarehe ya darasa kwa maandishi, kwa sababu madarasa huahirishwa. Aulize pia bima ya afya inaanza siku gani. Pengo likiwepo, sheria ya COBRA humruhusu kuendelea na bima ya mwajiri anayemwacha, kwa kawaida hadi miezi 18, lakini kwa kulipa gharama yote mwenyewe pamoja na nyongeza ya asilimia 2.