Kamati ya Kusaka Harufu

Nilijiteua mwenyekiti mwenyewe. Hakuna aliyenipigia kura.

Ofisi yetu iko ghorofani katika nyumba ya kale, uchochoro mmoja nyuma ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji hapa Lamu. Kuta nene za matumbawe, madirisha madogo, na kwa kuwa Mji wa Kale umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, mtu haamki tu akatoboa ukuta apate dirisha jingine. Kinachoingia humo kinakaa. Ukila papa Jumatatu, Alhamisi bado yupo.

Mhasibu mpya aliletwa kwetu kutoka bara. Siku ya kwanza alipiga chafya tano. Siku ya pili niliacha kuhesabu. Macho mekundu, sauti imekauka, na kila baada ya muda anashuka kusimama kwenye daka, baraza ya mlangoni, kama anayengoja mgeni.

Nikasema huyu kuna kitu kinamdhuru. Huruma yangu ilikuwa ya kweli, naomba hilo liandikwe.

Nikaanza na vumbi la mafaili. Nikayashusha, nikayapangusa, nikamwinamia mezani: "Dada, afadhali?" Akapiga chafya juu ya vocha. Nikamwita mfagizi, nikamhoji mbele ya ndoo yake kama askari kanzu. Akaapa kwamba anapiga deki kwa maji matupu, sabuni iliisha mwezi uliopita na hakuna aliyenunua. (Hiyo nayo ikawa kesi nyingine.) Nikamfukuza paka. Paka wa Lamu hafukuzwi, anaahirishwa.

Mhasibu akasogeza meza dirishani. Nikamsaidia kubeba. Akahamia ukumbini. Nikamfuata na kiti changu, nikakaa ubavuni kwake nikivuta hewa kwa makini. "Hapa," nikamtuliza, "sisikii harufu yoyote."

Na kweli sikusikia.

Sasa niwaeleze habari ya Mama. Kwetu shati halivaliwi kabla ya kufukizwa. Usiku Mama hutia makaa kwenye chetezo, hunyunyiza udi aliouchanganya mwenyewe kwa sukari na marashi, hupindua tenga juu yake, kisha hutandaza nguo. Moshi ukipanda hugeuza kola, halafu makwapa, kama anayegeuza chapati asije akaiunguza. Asubuhi naongeza halud, yale mafuta ya manukato, nyuma ya masikio, tone moja, Ijumaa matatu. Wiki hiyo tulikuwa na harusi, kwa hiyo matone tuyaache.

Siku ya nne nikaja na dawa ya mwisho. Nikaazima chetezo cha Mama, nikatia ubani, maana kwetu ubani hufukuza kila baya. Nikazunguka nao ofisi nzima, kuanzia vidakani hadi chooni, nikamalizia kwa mhasibu. Nikampepea.

Ndipo alipotoa inhela.

Tarishi mzee alinipokonya chetezo akashuka nacho ngazi, akinisema kwa Kiamu ambacho sitakiandika hapa. Mhasibu alipopata pumzi aliniita nje, tukiwa wawili tu. Angeweza kulisema mbele ya wote, hakulisema.

"Kaka," akaanza, akiwa amesimama hatua nne upande unakotoka upepo, "ni wewe."

"Mimi nini?"

"Harufu. Nzuri, sikatai. Lakini nina pumu, na manukato makali na moshi hunibana kifua. Ukianza kupanda ngazi, kifua changu kinajua."

Nikamuuliza mbona mimi sijisikii. Akaniambia pua huzoea. Ikikaa na harufu ile ile huacha kuijali, ndiyo maana anayejipaka huongeza na kuongeza, wanaoumia ni jirani zake. Yaani siku nne nzima mwizi ndiye aliyeongoza msako.

Kumwambia Mama ilikuwa kazi zaidi. "Mwanangu," akasema, "wataka watu waseme huna mama?" Tukapatana kwa shida. Mashati ya kazi yafuliwe kwa sabuni isiyo na harufu, yaanikwe juani, yasilale sanduku moja na nguo za harusi. Udi uwe wa jioni. Mhasibu alikuwa amenionya nisome maandishi ya nyuma ya pakiti, kwani sabuni nyingine zinazojidai hazinukii zimetiwa tu kitu cha kuficha harufu. Nilisoma pakiti nne dukani hadi mwenye duka akaniuliza kama nafanya mtihani.

Jumatatu nikatoka nyumbani sinukii chochote, najiona kama niko uchi. Uchochoroni nikakutana na punda aliyebeba mchanga. Njia haikututosha. Nikajibanza ukutani, naye akapita akinipangusa taratibu, kutoka bega mpaka paja, halafu akaona hapo hapo pafaa kupumzika.

Muda wa kurudi kubadili haukuwapo. Nilipoingia, mkubwa alifungua dirisha. Tarishi akakumbuka ana barua ya kupeleka. Mfagizi, aliyekuwa bado na kinyongo cha ile ndoo, akaniuliza kama kamati itakutana leo.

Mhasibu aliinua kichwa kutoka kwenye vocha, akavuta pumzi ndefu mpaka mabega yakapanda.

"Kaka," akasema, akinivutia kiti, "lete hizo risiti. Njoo ukae hapa karibu."